Miaka 25 ya ndoa, safari ya kwanza kuiona bahari: namna ya kupanga barabara ya pwani ya kusini

Wiki hii tumepokea ujumbe kutoka kwa mzee mmoja wa wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Anasema mwezi Agosti yeye na mkewe wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wameshaunda kamati, wanataka ukumbi, mpishi na keki. Mama mwenyewe amekataa. Anachotaka ni kuiona bahari, maana tangu azaliwe hajaiona, na babu yake aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi akirudi na hadithi za maji yasiyo na ng'ambo. Mzee anauliza: tuanzie wapi, tuende lini, na fedha ya korosho iliyobaki itatosha? Mwishoni ameongeza kwamba mama ana shinikizo la damu na goti moja linamsumbua.

Tulimjibu kwa kifupi hewani, lakini dakika nne za redio hazitoshi jambo kama hili. Basi tumeandika hapa kwa urefu kidogo, ili na wengine wanaofikiria safari kama hiyo wasome taratibu kwenye simu.

Bahati yake mzee huyu ni kwamba barabara ipo. Miaka ya nyuma kutoka Tunduru kwenda Masasi wakati wa mvua ilikuwa ni kulala njiani, tena si usiku mmoja. Leo lami imeunganika kutoka Songea kupitia Namtumbo, Tunduru, Mangaka na Masasi hadi Mtwara. Na kutoka Mtwara, barabara kuu ya kusini inapanda kwenda Lindi na Kilwa, ikiendelea hadi daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji na hatimaye Dar es Salaam. Kwa watu wawili wanaosherehekea ndoa, hakuna haja ya kufika Dar es Salaam. Pwani nzuri yote iko huku huku kusini, na msongamano wa magari wala wa watu huko hakuna.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Mara ya kwanza kumpeleka mke wangu Mikindani tulifika saa tano asubuhi. Nilikuwa nimemsifia ghuba ile njia nzima. Gari likashuka kilima, minazi ikaonekana, halafu badala ya maji kukawa na uwanja mkubwa wa tope, mitumbwi imelala ubavu na kina mama wanachokonoa chaza. Akanitazama, akasema, "Ndiyo hii?" Ilinibidi nimwombe asubiri hadi jioni ndipo aamini.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, na wavuvi husema ni maji mafu. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, siku za bamvua maji huwa yamejaa kiasi cha saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na huwa yamekupwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne au tano ndipo yanajaa, jioni yamekupwa.

Kwa hiyo mtu anayetaka mama afike jioni na kuikuta bahari imejaa hadi kwenye ukuta, afike siku ya mwezi mpevu. Kuna faida nyingine. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua halizami baharini kwetu, linachomoza huko. Lakini usiku wa mwezi mpevu, wakati wa magharibi, mwezi nao huchomoza kutoka upande huo huo wa bahari, mkubwa na mwekundu kama sinia la shaba. Hakuna ukumbi utakaopambwa ukafikia hapo.

Ikiwa tarehe ya ndoa haiangukii siku hizo, isogezeni. Kama mmekaa pamoja miaka 25, siku tano mbele au nyuma si neno. Kalenda nyingi za ukutani zina alama ya mwezi. Msipokuwa nayo, tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu ndiyo mwezi mpevu, na msikiti wowote utakuambia leo ni tarehe ngapi.

Agosti ni chaguo zuri kwa sababu nyingine pia. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati mwingine Mei. Mvua hizo zikizidi, barabara hukatika. Wengi tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoambatana na mvua kubwa na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika upande wa Kilwa, abiria wakabaki wamekwama pande zote mbili. Agosti ni kiangazi, hewa ni ya baridi kidogo, na mbu wamepungua ingawa hawajaisha. Upepo wa kusi bado unavuma, kwa hiyo baharini mchana kuna mawimbi. Hilo tutalirudia tukifika Kilwa.

Wale wanaosubiri fedha za minada ya korosho kuanzia Oktoba, nawaelewa. Lakini safari ya Januari au Februari kwa fedha hizo ni kucheza bahati nasibu na mvua. Wekeni akiba hadi Juni.

Hesabu ya gari na mafuta

Kutoka Tunduru hadi Masasi ni karibu kilomita 200. Masasi hadi Mtwara ni kiasi hicho hicho. Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na Lindi hadi Kilwa Masoko ni chini kidogo ya 200. Wakati wa kurudi huhitaji kufika tena Mtwara: unakata kona pale Mingoyo, panapoitwa pia Mnazi Mmoja, unapanda moja kwa moja Masasi. Mzunguko mzima unakuwa karibu kilomita 1,200. Ukiongeza kuzungukazunguka mijini, piga hesabu ya 1,400.

Gari dogo la familia kama Noah, likiwa zima na halijapakia kupita kiasi, litakwenda kilomita kumi kwa lita moja, pengine zaidi kidogo. Hiyo ni lita 140. Bei kikomo ya mafuta kwa kila wilaya hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na unaweza kuiangalia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#. Zidisha mara 140, halafu weka ya akiba. Hapo utakuwa na namba ya kweli ya kuwaonyesha watoto badala ya kukisia. Na hii ndiyo hoja yangu kwa kamati ile: orodhesheni gharama za ukumbi upande mmoja na za safari upande mwingine kabla ya kuamua. Watoto wanaochangia mafuta na malazi hawajapungukiwa heshima mbele ya majirani. Keki italiwa hata nyumbani wazee wakirudi.

Ukikodi gari, kodi pamoja na dereva anayeijua njia, na mkubaliane kwa maandishi: siku ngapi, nani analipa mafuta, dereva atalala wapi na atakula nini. Magomvi mengi ya njiani hutokana na chumba cha dereva. Kagua bima haijaisha, tairi zina meno, kuna tairi la akiba, jeki, pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto. Mikanda ya siti za nyuma mara nyingi imefukiwa chini ya makochi. Ifukue.

Msitembee usiku. Najua mabasi siku hizi yanaruhusiwa kusafiri usiku, lakini dereva wa basi ameizoea njia na wewe ni mgeni. Barabara ya Songea hadi Mtwara ina malori mengi ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini. Yapo yanayoharibika na kuachwa barabarani na tawi la mti tu kama alama. Kuna baiskeli zisizo na taa, kuna mifugo, na watu wa Tunduru sina haja ya kuwahadithia habari za tembo. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa linachomoza.

Wasio na uwezo wa kukodi gari wasikate tamaa. Mabasi yapo kutoka Tunduru hadi Masasi na Mtwara, na yanayotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam yanapita Lindi na Nangurukuru. Kutoka Nangurukuru kuna magari madogo ya kwenda Kilwa Masoko. Kitu pekee utakachopoteza ni uhuru wa kusimama unapopenda, kwa hiyo ongeza siku moja.

Afya ya mama

Shinikizo la damu halimzuii mtu kusafiri kama linadhibitiwa. Wiki mbili kabla aende kituo cha afya apimwe, na achukue dawa za kutosha siku zote za safari na siku tano za ziada. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na akina mama wengi huziacha kimya kimya siku ya safari ili wasiwasumbue wenzao. Usiache. Amuulize daktari kama anaweza kuzimeza jioni siku ile, na mzee amwambie dereva mapema kwamba gari litasimama kila baada ya saa mbili, bila mtu kulalamika. Kushuka na kutembea dakika kumi kunasaidia miguu isivimbe na damu isigande, na goti halitakakamaa.

Njiani hospitali zipo. Masasi kuna Mkomaindo, baada ya hapo kuna hospitali ya misheni ya Ndanda, Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine, na Kilwa kuna hospitali ya wilaya ya Kinyonga. Mwenye kadi ya bima ya afya aibebe. Mwenye namba ya dharura kichwani hapungukiwi kitu pia: polisi ni 112.

Siku ya kwanza: kushuka hadi Mikindani

Ukitoka Tunduru na jua, saa nne hivi utakuwa Masasi, kwenye yale majabali makubwa yaliyosimama kama migongo ya ng'ombe. Kunyweni chai hapo. Mbele kidogo ni Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, ambako watawa wa Kibenediktini walijenga misheni mwaka 1906. Kuna kivuli na maji, mahali pazuri pa kupumzisha goti na kula mchana.

Mkifika Mingoyo mtaanza kuona mikoko. Dereva ageuze kulia kuelekea Mtwara. Msimwambie mama lolote. Barabara inazunguka ndani kwanza, kisha inashuka ghafla kwenye ghuba ya Mikindani. Kama mmefuata hesabu ya mwezi, itakuwa saa kumi, na maji yatakuwa yamejaa.

Laleni Mikindani badala ya kukimbilia Mtwara mjini, ambako ni kilomita kama kumi tu mbele. Ni mji mdogo wa kale, wa nyumba za mawe zenye roshani na milango ya nakshi, nyingi zimechakaa, na watu wake hawana haraka. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1895. Lilikarabatiwa na sasa ni hoteli. Chumba cha humo si cha bei ya mkulima, lakini kupanda kuomba soda na kuitazama ghuba kutoka juu si gharama ya kuogopa. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara, ile ambayo hakurudi nayo hai. Aliifuata njia ya mto Ruvuma, yaani alikuwa anakwenda huko huko ninyi mnakotoka.

Chumba mtakachokodi, ulizeni kwanza kama kina chandarua kizima na kama choo ni cha kukaa. Kwa mwenye goti bovu hilo la pili lina uzito kuliko televisheni. Na kiwe mbali na baa.

Hapa niseme habari ya kulipia chumba kwa simu. Rafiki yangu alituma fedha ya malazi ya siku tatu kwa namba aliyoiona kwenye intaneti, akafika mlangoni na mkewe saa mbili usiku, mwenye nyumba akasema hamjui na namba ile si yake. Kabla ya kutuma, piga simu na uongee na mtu. Omba lipa namba ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, na jina linapotokea kwenye simu kabla hujaingiza namba ya siri, lisome. Jina la kigeni ukiliona, ghairi. Mtu anayekuharakisha ulipe sasa hivi kwa sababu vyumba vinaisha Agosti huko Mikindani anakudanganya; vyumba haviishi.

Asubuhi ya pili nendeni Mtwara, ufukwe wa Shangani, mkiwa mmevaa viatu vya plastiki. Maji yatakuwa yamekupwa, na huu sasa ndio wakati wake mzuri: mtatembea mbali juu ya mchanga na miamba mkiona viumbe vilivyobaki kwenye vidimbwi. Viatu ni vya lazima kwa sababu ya miiba na makombe yanayokata. Ukikanyaga kwenye maji ya magoti, buruta miguu usiinyanyue. Samaki taa hujificha chini ya mchanga, na akisikia mguu unakuja hukimbia, lakini akikanyagwa huchoma. Asiyejua kuogelea asipite magotini, hata bahari ikionekana imelala. Maji yakianza kurudi hurudi upesi kuliko wageni wanavyodhani, na mara nyingi hupitia nyuma yako.

Wengi watawaambia mwende Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma. Ni ufukwe mzuri kweli. Lakini kwa safari hii na goti lile, mimi ningeuacha.

Lindi, mji wa babu

Lindi hawaisifii sana watalii, na sijui kwa nini. Mji umekaa kwenye ghuba mahali mto Lukuledi unapoingia baharini, na jioni watu hukaa ufukweni wakila mihogo ya kuchoma na pweza. Kivuko huvuka kwenda Kitunda, ng'ambo. Kwa nauli ndogo tu mama atakuwa amepanda chombo cha majini kwa mara ya kwanza, tena kikubwa kisichoyumba, kabla ya kukutana na boti ndogo ya Kilwa. Ni mazoezi mazuri ya moyo.

Mashamba ya mkonge ambako babu yake alifanya kazi yalizunguka mji huu, Kikwetu na Mingoyo na kwingineko. Wakati wa ukoloni, vijana kutoka bara walitembea kwa miguu wiki nzima kuja kukata mkonge ili wapate fedha ya kodi ya kichwa. Ningewashauri mfanye jambo moja: kabla ya kuondoka Tunduru, mama awaulize wazee wa ukoo kama wanalikumbuka jina la shamba. Wakifika Lindi waulize wazee wa hapo. Majina ya mashamba hayo bado yamo midomoni mwa watu.

Na kuna mizigo mingine iliyobebwa kichwani kuja Lindi. Kaskazini-magharibi ya mji kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wa kale mno, wakubwa kuliko tembo mara nyingi. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa huku, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na suala la kumrudisha au walau kupata mgawo wa mapato yake limeulizwa bungeni kwetu si mara moja. Kwenda Tendaguru kwenyewe sishauri, njia ni mbaya na hakuna mifupa iliyosimamishwa ya kutazama. Lakini mkiwa mmekaa pale ufukweni Lindi, jueni mzigo ule ulipakiwa katika ghuba hiyo hiyo.

Kilwa, na kwa nini mvuke siku ya tano

Siku ya nne ondokeni Lindi asubuhi. Kabla ya Kilwa Masoko kuna kona ya Kilwa Kivinje, ingieni. Karne ya 19 huu ndio ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao. Pembe za ndovu zilikuja kwa njia hiyo, na watu waliotekwa nao walikuja kwa njia hiyo, wamefungwa. Kitambaa, shanga na chumvi vilirudi bara. Familia nyingi za Tunduru zina damu pande zote mbili za habari ile, waliouza na waliouzwa. Baadaye, wakati wa Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa na kufika hadi Songea, Wajerumani waliwanyonga watu hapa. Jina la Kinyonga linatoka huko. Si mahali pa kucheka, lakini mtu wa Ruvuma akipita bila kusimama atakuwa ameruka ukurasa wa kwao.

Kilwa Kisiwani ndiyo kilele cha safari. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akakuta mji wenye nguvu, unaotawaliwa na sultani al-Hasan ibn Sulaiman, uliotajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala. Sarafu zake za shaba zilikwenda mbali: mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa ni za Kilwa. Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Leo utaona Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba za matumbawe na chokaa, ngome ya Gereza karibu na maji, na mbali kidogo juu ya ukingo, kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane. UNESCO iliyaweka magofu haya pamoja na ya Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981.

Kwanza pateni kibali katika ofisi ya TAWA pale Kilwa Masoko siku moja kabla. Bebeni vitambulisho vya NIDA, maana ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Mwongoza wageni atapatikana hapo. Mwambieni habari ya goti, ili boti iwashushe karibu na Gereza na msikiti, na Husuni Kubwa iachwe au ifikiwe kwa maji.

Sasa rudi kwenye ule mwezi. Ikiwa siku ya kwanza ilikuwa mwezi mpevu na maji yalijaa saa kumi, siku ya tano yatakuwa yamechelewa kwa zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo asubuhi ile yatajaa kiasi cha saa moja hadi saa mbili. Vukeni wakati huo. Boti itafika karibu na nchi kavu na mama hatalazimika kushuka kwenye maji ya mapajani na kuburuta goti kwenye mchanga, na upepo wa kusi utakuwa bado haujaamka. Geuzeni kabla ya saa tano. Mkichelewa hadi saa saba, mtatembea kwenye tope kuifuata boti.

Kuvuka ni mwendo mfupi, Kisiwani inaonekana ukiwa Masoko. Bado, asipande mtu bila jaketi okozi, na livaliwe likafungwa, si kukaliwa kama mto. Nahodha akisema hayapo, au akiongeza abiria hadi ukingo wa chombo ukaribie maji, shukeni. Kuna boti nyingine.

Kisiwani wanaishi watu, tena wavuvi na wakulima wenye heshima zao, wengi Waislamu. Mama ajifunge khanga, mzee avae suruali ndefu, na kabla ya kumpiga mtu picha msalimuni kwanza na kumwomba. Ndani ya msikiti wa kale hakuna sala tena, lakini msipande juu ya kuta zake. Na wanaopanga mwaka mwingine waangalie safari isiangukie Ramadhani, kwa sababu mchana migahawa mingi ya pwani hufungwa na mtakaa na njaa.

Siku ya sita geuzeni hadi Masasi, mlale hapo, na ya saba mtakuwa Tunduru kabla ya mchana. Chumvi na samaki wakavu wa kuwapelekea watoto nunueni Kilwa au Lindi, vifungwe vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko, la sivyo gari lote litanuka hadi nyumbani. Samaki wa chumvi kwa mama mwenye presha walowekwe usiku kucha na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Mzee wetu wa Tunduru, ulituuliza pia kama umwambie mama mapema au umshtukize. Safari mwambie, ili akapime presha na aulizie jina la shamba la babu. Mambo ya mwezi na saa ya kufika Mikindani baki nayo mwenyewe.